Ukipata kazi bora wiki ya tatu, ondoka!

Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti, wote watunga programu, wote wa hapa Nairobi, na wote wakiuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayetafuta dawa ya ugonjwa wa aibu. Swali lenyewe ni hili: nimeanza kazi juzi tu, sijamaliza hata mwezi, na sasa kampuni nyingine iliyonihoji zamani imenipigia simu. Kazi ni nzuri zaidi na mshahara ni mara mbili. Je, ni vibaya nikiondoka?

Jibu langu ni fupi. Si vibaya. Ondoka. Lakini kwa kuwa nimelitoa jibu hilo mara tatu, na mara zote tatu nikajibiwa "lakini watu watasema...", acha leo niliandike kwa urefu ili atakayeuliza tena nimpe anwani ya ukurasa huu nami niendelee na shughuli zangu.

Wa kwanza kusema huwa ni wazee wetu, na silaha yao ni methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Naipenda sana methali hii. Ugomvi wangu ni na wanaoitumia bila kuisikiliza. Mbachao ni mbacha wako, kama vile mwanao alivyo mwana wako. Umiliki umo ndani ya neno lenyewe. Ni mkeka mkuukuu, umechakaa, una matobo, lakini umo chumbani mwako na hakuna atakayekuja asubuhi aukunje aondoke nao. Sasa niambie, ndugu yangu, kazi uliyoianza wiki tatu zilizopita ni mbachao? Fungua mkataba wako, tafuta ukurasa wenye maneno "kipindi cha majaribio", halafu urudi tuongee.

Ukirudi utaniambia umeona kitu kama hiki: mwajiri anaweza kukuachisha kazi kwa notisi ya siku saba. Hakuibuni mwenyewe. Ni kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kinasema majaribio yasizidi miezi 6, yanaweza kuongezwa miezi mingine 6 ukikubali, na katika kipindi hicho upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi isiyopungua siku 7. Mwajiri akitaka uondoke papo hapo, anakulipa mshahara wa siku hizo 7 na mchezo umekwisha. Kwa miaka mingi kifungu hicho hicho kilimruhusu hata asikuite kukusikiliza kabla ya kukutoa, mpaka mwaka 2021 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilipoamua kwamba hilo linakiuka Katiba.

Soma tena hapo niliposema "upande wowote". Bunge halikuandika kwamba majaribio ni ya mfanyakazi peke yake, awekwe kwenye mizani huku bosi ameketi akitazama. Kampuni inakujaribu wewe, nawe unaijaribu kampuni. Inatazama kama unajua kazi uliyodai kuijua, nawe unatazama kama kazi uliyopewa ndiyo ile iliyotangazwa. (Na sote tunajua inavyokuwa. Tangazo lilitaka mtunga programu za simu, wiki ya kwanza unatumwa kutengeneza printa ya meneja, wiki ya pili unapanda ngazi kufunga kamera za usalama, kwa sababu "si wewe ni mtu wa kompyuta?") Mkeka huu ni wa kuazima, wenyewe wameweka masharti ya kuukunja, na masharti hayo yanakuhusu wewe pia.

Wa pili kusema ni maofisa wa wafanyakazi. Hao hawatumii methali, wana neno lao moja: uaminifu. Kijana wa siku hizi hana uaminifu, anarukaruka kama panzi. Haya, tuuzungumzie huo uaminifu.

Novemba 2022 kampuni ya Twitter ilifungua ofisi yake ya Accra, Ghana, ofisi yake ya kwanza Afrika. Siku chache baadaye, ndani ya wiki hiyo hiyo, karibu wafanyakazi wote wa ofisi hiyo walipata barua pepe ya kuachishwa kazi. Juni mwaka huo huo Coinbase ya Marekani ilitangaza kwamba inawanyima kazi watu iliyokwisha kuwapa barua za ajira nao wakazikubali. Hawakuondolewa wiki ya tatu hao. Waliondolewa kabla ya siku ya kwanza, wengine wakiwa wameshaacha kazi za zamani. Tukirudi kwetu, Andela ilipoingia mjini kati ya 2014 na 2015, mpango wake wa awali ulimtaka kijana aahidi kukaa miaka 4. Septemba 2019 kampuni hiyo hiyo iliwaachisha kazi mamia ya watunga programu wachanga katika Nigeria, Kenya na Uganda. Sendy ilifunga mwaka 2023. Twiga iliwapunguza watu 283 Agosti 2023. Copia iliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi Mei 2024.

Sisemi wakubwa wa kampuni hizo ni watu waovu. Fedha za wawekezaji zilikauka, mipango ikabadilika, hesabu zikakataa. Hiyo ndiyo biashara, na walipotuambia hivyo tulielewa. Ninachouliza ni kimoja tu: kwa nini hesabu za kampuni zikikataa inaitwa biashara, na hesabu zangu zikikataa inaitwa utovu wa nidhamu?

Na tuzipige basi hizo hesabu. Chukua kijana aliyeanza kazi kwa shilingi 70,000 kwa mwezi, halafu akaitwa kwingine kwa 150,000. Tofauti ni 80,000 kwa mwezi, yaani 960,000 kwa mwaka. Ondoa hata theluthi nzima kwa kodi na makato mengine ya serikali, inabaki kama laki sita. Laki sita ndizo zinazolipa deni la HELB likaisha, zinazomweka mdogo wake chuoni, zinazomhamisha mama yake kutoka nyumba ya mabati yanayovuja. Anayemwambia kijana huyu "tulia mwaka mmoja kwanza, wasikuone panzi" anamwambia alipe laki sita ili aonekane mtulivu. Utulivu wa bei hiyo sijawahi kuuona dukani.

Hata hivyo mwaka mmoja si mwisho wa hasara. Kuna kitu wanachokijua vizuri maofisa wa wafanyakazi wa mji huu na hawapendi kukisema hadharani: ukienda mahojiano wanakuomba hati za malipo za miezi mitatu ya mwisho. Wanaziomba kwa nini? Si kwa kuhakikisha uliajiriwa, kwa maana hilo barua moja ingetosha. Wanaziomba ili wajue ulilipwa ngapi, waongeze kidogo juu yake, na wakuambie wamekufanyia hisani. Kwa desturi hiyo, mshahara mdogo unakufuata kama deni la dukani. Aliyekaa na 70,000 anapewa 85,000, aliyekaa na 150,000 anapewa 180,000, na huenda wote wawili wanaandika msimbo ule ule, kwenye seva ile ile, wameketi meza moja. Kwa hiyo ukikataa ile ya 150,000 leo kwa kuona haya, umeikataa na ya kesho.

Sasa nije kwa hoja yao iliyo bora, maana ipo. Ni ya kampuni changa. Mwenye kampuni ya watu sita ametangaza kazi, amesoma wasifu mia mbili, amehoji watu kumi, amemnunulia kijana laptopu, mwenzake mmoja ameacha kazi zake wiki mbili kumwonyesha hifadhidata na mambo mengine, halafu kijana anaandika barua. Uchungu huo ni wa kweli. Microsoft ilipofungua kituo chake cha utunzi wa programu Nairobi mwaka 2019, na Google ilipotangaza cha kwake mwaka 2022, kampuni ndogo zililalamika waziwazi kwamba majitu haya yanawachukulia watu wao kwa mishahara wasiyoweza kuilipa. Nimekunywa chai na waliolalamika, na baadhi yao ni marafiki zangu.

Lakini marafiki zangu, hebu tuulizane. Yule kijana alifanya mahojiano kule kwingine lini? Mara nyingi ni kabla hajawajua ninyi. Aliomba kazi sehemu nane kwa wakati mmoja, kama afanyavyo kila mtu anayetarmaki. Huko kwingine kulikuwa na mahojiano ya raundi tano, kazi ya kufanyia nyumbani iliyomla wikendi nzima bila malipo, halafu kimya cha miezi miwili. Alikuwa na kodi ya nyumba, akachukua kazi yenu kwa sababu ninyi ndio mliojibu. Simu ya kule ilipolia, hakuwa ametoka kuwinda akawasaliti. Ni mbegu aliyoipanda kabla yenu ndiyo iliyochelewa kuota. Kama kuna wa kulaumiwa hapo, ni kampuni zinazoajiri kwa mwendo wa kobe.

Na dawa ya kumzuia mtu asiondoke haijawahi kuwa kumwaibisha. Wakubwa wa Marekani walijaribu njia nyingine, ya siri: Apple, Google, Intel, Adobe na wenzao walipatana kwamba hakuna atakayewapigia simu wafanyakazi wa mwenzake. Wizara ya Sheria ya Marekani iliwaingilia mwaka 2010, na wafanyakazi wakawashtaki. Mwaka 2015 mahakama iliidhinisha malipo ya dola milioni 415 kwa wafanyakazi hao. Fikiria! Hata matajiri wale, wenye vyakula vya bure na viti vya kukanda mgongo, waliona kumlipa mtu thamani yake ni ghali kuliko kumfungia mlango. Na hilo bonde lao la California limekuwa tajiri kwa sababu ya watu walioondoka. Jimbo hilo limekataa mikataba ya kumzuia mtu kwenda kwa mshindani tangu 1872. Mwaka 1957 wahandisi wanane, Robert Noyce na Gordon Moore wakiwamo, walimwacha mwajiri wao William Shockley kabla maabara yake haijatimiza miaka miwili, wakaanzisha Fairchild. Mwaka 1968 hao wawili wakaanzisha Intel. Wangetulia ili wasionekane panzi, sijui tungekuwa tunatumia nini leo.

Kuna waajiri ambao badala ya methali na uaminifu wanatumia vitisho, na hapa msomaji nakuomba usiingie hofu haraka. Wanasema umetia sahihi kukaa mwaka mmoja, ukiondoka utarudisha "gharama za mafunzo". Kama kampuni ilikulipia kozi ya kweli, ikakupeleka ng'ambo, risiti zipo na makubaliano yapo kwa maandishi, hilo ni deni la kuzungumza kama watu wazima, tena mara nyingi kampuni mpya hukubali kulibeba ukiwaambia mapema. Lakini kama mafunzo yenyewe yalikuwa kuonyeshwa choo kiko wapi na kupewa neno la siri la barua pepe, hayo si mafunzo. Wengine wanasema hutafanya kazi kwa mshindani yeyote nchini kwa miaka miwili. Kenya ina sheria inayoipa Mahakama Kuu nguvu ya kubatilisha masharti ya namna hiyo yasipokuwa ya haki. Kwa mtunga programu wa wiki tatu ambaye hajaona hata orodha ya wateja, mwenye kampuni atakuwa na kazi ngumu kumweleza jaji haki yake iko wapi. Wengine wanashika vyeti vyako halisi vya shule kwenye kabati. Hao usiwape nafasi tangu mwanzo. Peleka nakala, onyesha vyeti halisi, rudi navyo nyumbani.

Yupo mmoja ambaye sina jibu jepesi juu yake, na huyo si bosi wala ofisa wa wafanyakazi. Ni yule aliyekushika mkono. Kwetu kazi nyingi hazipatikani kwa tangazo. Ni mjomba aliyemwambia rafiki yake "nina kijana mzuri", ni dada wa darasa lako chuoni aliyepeleka wasifu wako kwa meneja wake akaweka jina lake juu yako. Ukiondoka wiki ya tatu, wewe unakwenda, yeye anabaki pale akitazamwa. Safari ijayo akisema "nina kijana mzuri" watacheka. Hilo haliniambii ubaki. Linaniambia kwamba yeye awe wa kwanza kujua, kabla ya bosi, kwa kinywa chako na si kwa ujumbe wa WhatsApp, na apewe nafasi ya kuchagua kama atakwenda kumwambia bosi mwenyewe au la. Niliyemwona akifanya hivyo alipata baraka pamoja na lawama. Niliyemwona akitoroka, yule dada hajamsemesha tangu hapo, na sasa dada huyo ni mkuu wa watunga programu mahali ambapo kila mtu anataka kufanya kazi. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Vilevile zipo safari ambazo nitakuambia ubaki. Barua ya ajira ikiwa bado haijaandikwa na kutiwa sahihi, wamekuambia kwa simu tu kwamba "tumekuchagua, karatasi zinakuja", usiguse kazi uliyonayo. Wale wa Coinbase walikuwa na barua na bado walilia. Tofauti ikiwa ni shilingi elfu kumi, nauli na usumbufu vitaimeza. Kampuni inayokuita ikiwa haijui pesa za mishahara ya Desemba zitatoka wapi (uliza! una haki ya kuuliza), basi huo ndio msala upitao wenyewe, na wazee walikuwa sahihi. Na kama hii ni mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja, tatizo si mikeka.

Haya. Umeamua kwenda. Andika barua fupi, mistari minne, yenye tarehe ya leo na tarehe ya siku yako ya mwisho, na usieleze mshahara mpya. Soma kwanza mkataba unataka notisi ya siku ngapi, maana sheria inasema siku 7 ni kiwango cha chini na mkataba unaweza kutaka zaidi. Ile nafuu ya kulipa pesa badala ya siku 7, kifungu cha 42 kimempa mwajiri. Wewe panga kuzitumikia siku zako. Ukiwapa notisi nao wakaona heri uondoke leo leo, kifungu cha 38 kinawataka wakulipe siku ulizobakiza. Siku hizo usizitumie kuaga watu kantini. Andika maelezo ya ulichokigusa, sukuma msimbo wako wote kwenye hazina ya kampuni, rudisha laptopu na upewe karatasi iliyotiwa sahihi kwamba umeirudisha. Usichukue hata faili moja. Na siku ukitoka, usijaribu kuingia kwenye seva yao "kuona tu kama ile programu inafanya kazi", hata kama hawajafuta neno lako la siri. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 haina kifungu cha udadisi.

Cheti cha utumishi usikigombanie. Sheria inamlazimu mwajiri akupe ikiwa umefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi. Chini ya hapo hana wajibu, na barua ya sifa hana wajibu kamwe. Lakini fomu ya P9 idai hata kama ulilipwa wiki tatu tu. Watu huisahau hii, halafu Juni inafika, unajaza ritani kwenye iTax kabla ya tarehe 30, nayo KRA inakuona una waajiri wawili katika mwaka mmoja huku wewe una karatasi ya mmoja. Wakati huo yule mhasibu uliyemjua kwa wiki tatu hatapokea simu yako, kwa hiyo muombe kabla hujarudisha kitambulisho cha mlangoni.